Likizo ya kupiga mbizi kwa mtu wa Tukuyu: kutoka Kisiba hadi kwenye matumbawe

 

Kila nikikaa kafe pale Tukuyu mjini namkuta kijana kafungua picha za samaki wa rangi rangi na mapango ya chini ya bahari, halafu ananigeukia: "Kaka, hivi mtu kama mimi naweza kwenda kule?" Jibu ni ndiyo, unaweza. Mimi ni mtoto wa mgomba na mvua kama wewe, nimekwenda, nimeona, nimerudi. Ila kurudi kwenyewe nusura kunitokee puani, na ndiyo sababu nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja.

Kabla sijaendelea, mtu asinielewe vibaya. Sizungumzii "kuzamia" kwa maana ile ya kujificha kwenye meli ukaibukie Ugiriki. Nazungumzia kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa mgongoni, kistaarabu, na kurudi nyumbani.

Kwanza kisa changu, manake ndicho chenye fundisho

Nilidunduliza hela muda mrefu nikaenda Unguja kusomea mbizi. Kozi ikaisha salama, nikaongeza siku tatu za kuzamia kwa raha zangu, mara mbili kwa siku. Pale kituoni kuna fomu unajaza. Swali mojawapo: unapanda ndege lini? Nikaandika "sipandi". Mwalimu akasoma, akasema basi wewe huna shida, zamia tu mpaka siku ya mwisho. Wote wawili tukaona sawa.

Siku ya mwisho nikatoka majini saa saba mchana. Saa kumi nikapanda boti kwenda Dar, saa mbili usiku niko kwenye basi la Mbeya. Tulipomaliza kupanda Kitonga, kama saa tisa usiku, bega la kushoto likaanza kuuma. Nikajua nimelala vibaya. Tulipofika Mafinga alfajiri, maumivu yameshuka mpaka kwenye kiwiko, vidole vinachonyota kama mtu aliyekalia mkono. Baridi ya Mafinga mnaijua, nikaisingizia baridi.

Mbeya nikaenda hospitali. Daktari aliponiuliza juzi na jana nilikuwa nafanya nini, nikamwambia nilikuwa chini ya bahari. Aliweka kalamu chini. Akanilaza, akaniwekea oksijeni masaa kadhaa, akapiga simu kwa mwenzake. Jioni maumivu yakawa yamepungua, na baada ya siku mbili yakaisha kabisa. Ilikuwa bahati. Kuna watu ugonjwa huu umewaacha hawatembei, na kuna waliokufa.

Sasa kosa lilikuwa wapi, na ndege sikupanda? Kosa ni kwamba mimi ndege yangu ilikuwa basi. Hilo ndilo jambo ambalo mwongozo wa kawaida wa watalii hauliweki wazi, kwa sababu wengi wao wakitoka baharini wanalala hapo hapo pwani, au wanakwenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Sisi tunapanda mlima kwa gari.

Elimu ndogo ya hewa (usiruke hapa)

Umewahi kutoka Dar na pakiti ya krispi? Ikifika Mafinga imevimba kama mto wa kulalia. Na chupa tupu ya maji ukiifunga vizuri Tukuyu, ukifika Dar unaikuta imebonyea. Hakuna mchawi hapo. Ni mgandamizo wa hewa. Pwani hewa inabana zaidi, milimani inabana kidogo. Tukuyu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapo mgandamizo ni kama asilimia 84 tu ya ule wa pwani. Mafinga iko kama mita 1,900, ndiyo unapungua zaidi.

Majini mambo ni makubwa zaidi. Kila mita 10 za maji ya bahari zinaongeza mgandamizo sawa na hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo mita 10 chini unabanwa mara mbili ya pwani, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne.

Hewa tunayovuta, na ile ya kwenye mtungi wa kawaida, ni naitrojeni kwa kama asilimia 78. Ukibanwa kule chini naitrojeni inayeyuka ndani ya damu na nyama za mwili, na kadiri unavyokaa ndivyo inavyozidi kuingia. Ukipanda polepole inatoka taratibu kwa kupumua. Ukipanda haraka inafanya kama soda iliyofunguliwa ghafla, yaani mapovu. Mapovu hayo yakikaa kwenye viungo unapata maumivu kama yangu, yakienda kwenye uti wa mgongo au ubongo ni habari nyingine.

Na ukishatoka majini bado mwili una naitrojeni ya ziada inayotoka kidogo kidogo. Ndiyo maana shirika la DAN, ambalo kazi yake ni usalama wa wapiga mbizi, linashauri hivi: ukizamia mara moja tu ndani ya mipaka ya kawaida, subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Ukizamia mara nyingi kwa siku kadhaa, angalau saa 18. Ukizamia mbizi ndefu zinazolazimu kusimama njiani wakati wa kupanda, subiri zaidi ya hapo sana. Walimu wengi wanarahisisha kwa kusema saa 24.

Ushauri huo umepimwa kwa kwenda kwenye mgandamizo wa kati ya mita 600 na 2,400 juu ya bahari, ndiyo hali ya ndani ya ndege. Sasa weka Kitonga, Mafinga, Makambako, Uyole na Tukuyu humo. Zote zinaingia. Mapovu hayaulizi kama umepanda ndege, basi au treni ya TAZARA.

Mimi nilifika juu ya Kitonga saa 14 baada ya kutoka majini, baada ya siku tatu za kuzamia. Hesabu hiyo ilikuwa fomu ya saa saba mchana, nami nilikuja kuipiga kitandani hospitali.

Je, Kisiba hapa nyumbani si tuzamie tu?

Swali zuri na wengi mnaniuliza. Kwa wasiopajua, ziwa Kisiba, ambalo wengine wanaliita ziwa Masoko, liko kilomita kama 15 kutoka Tukuyu, kwenye njia ya Ipinda na Matema. Ni shimo la volkano lililojaa maji, duara zuri lenye upana wa kama mita 700. Katikati kina chake kinakaribia mita 40. Wanasayansi wamechimba tope la chini yake wakasoma humo historia ya hali ya hewa ya zaidi ya miaka 40,000.

Halafu kuna zile hadithi tulizolishwa na wazee. Wajerumani walikuwa na boma pale Masoko, na inasimuliwa kuwa vita vya kwanza vilipowazidi walitumbukiza fedha na silaha ziwani. Kihistoria, majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland yaliingia Tukuyu, iliyoitwa Neu-Langenburg, mwaka 1916. Vijana wa pale wamekuwa wakiuza sarafu za Kijerumani, zikiwemo zile za Heller. Na kwa taarifa yako neno letu "hela" limetokana na Heller hiyo hiyo. Kwa hiyo ukisema "sina hela" unaongea Kijerumani bila kujua.

Sasa kuzamia. Hukuti kituo cha kukodi mitungi pale, na hata ukija na mtungi wako Kisiba si mahali pa kujifunzia. Sababu zangu ni hizi:

1. Ziwa liko mita kama 840 juu ya bahari. Kanuni za mbizi zinasema ukivuka mita 300 tu, jedwali la kawaida la baharini halikufai lilivyo. Ukiwa mita 20 Kisiba mwili wako uhesabu kama uko karibu mita 22 baharini, na mwendo wa kupanda unapunguzwa pia. Inatakiwa mafunzo ya peke yake.

2. Ukitoka hapo kurudi Tukuyu unapanda tena zaidi ya mita 600, ndani ya nusu saa au saa moja. Ni kosa langu lile lile, kwa njia ya mkato.

3. Maziwa ya aina hii kingo zake zinadidimia ghafla. Hatua mbili uko kiunoni, ya tatu huna ardhi. Chini ni giza na tope, na hakuna timu ya uokoaji ya kukufuata.

Wale wanaotamani kwenda kuokota hela za Mjerumani kwa kushika pumzi, nawaomba kama ndugu: usijipumulishe haraka haraka kabla ya kuzama ili "kujaza hewa". Mbinu hiyo inauondoa mwilini ule mzigo wa hewa chafu ambao ndio unaokuambia "pumua sasa", unazimia chini ukiwa hujasikia hata kiu ya hewa. Wanaogelea hodari wamekufa hivyo kwenye mabwawa safi kabisa.

Kisiba nenda kapige picha, kaa ufukweni, wasikilize wazee. Ukitaka kuingia majini waulize wenyeji wapi panafaa.

Ziwa Nyasa: mahali pa kuanzia

Endelea na barabara hiyo hiyo mpaka Matema, wilaya ya Kyela. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya bahari, kina chake kinafika mita 700 hivi, na halina mpinzani duniani kwa wingi wa aina za samaki. Matumbawe hayapo, hayo ni ya bahari yenye joto. Lakini upande ule ambako milima ya Livingstone inaingia ziwani kuna miamba mikubwa, na samaki wadogo wa bluu na njano wanazunguka humo kama picha za kwenye kompyuta.

Matema ndiko nilikojifunzia kuelea. Kwa miwani na mrija wa kupumulia tu, bila mtungi, unaelea juu unaangalia chini. Hapo huna haja ya kuhesabu naitrojeni. Tahadhari ni mbili. Kichocho kipo ziwani, kwa hiyo epuka maji yaliyotuama yenye majani, na baada ya safari kapime hospitali, dawa yake ipo. Pili ni mamba kwenye midomo ya mito. Waulize wavuvi kabla ya kuingia, wao wanajua.

Vituo vya kuzamia kwa mtungi katika ziwa hili viko upande wa Malawi, kama Nkhata Bay, Likoma na Cape Maclear. Ukienda huko kumbuka kuwa nako ni juu ya mita 300, na kurudi Tukuyu ni kupanda mita zaidi ya 1,000.

Baharini: uende wapi?

Unguja. Ndiko rahisi kufika na vituo ni vingi, hasa kaskazini kwa Nungwi, na Mnemba ndiyo maarufu. Wanaoanza wengi wanajifunzia huku. Karibu na mji kuna Chumbe, hifadhi ambayo matumbawe yake yametunzwa vizuri, ila pale mtungi hauruhusiwi, ni miwani na mrija tu. Kwa asiyetaka gharama ya kozi inafaa sana.

Pemba. Maji maangavu, kuta za miamba zinazodidimia kwenye mkondo mrefu, Misali nako. Lakini mikondo ni mikali. Nenda ukiwa umeshazoea.

Mafia. Hii ndiyo niipendayo. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Ghuba ya Chole imekingwa na mawimbi, inamfaa anayeanza. Mlango wa Kinasi una ukuta wenye vijipango na samaki wakubwa. Kilindoni, kuanzia Oktoba mpaka Machi, unaweza kuogelea karibu na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana habari na wewe. Kuna boti kutoka Nyamisati. Raia analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo usisahau kitambulisho.

Watamu, Kenya. Hifadhi ya bahari tangu 1968. Mlangoni mwa mkono wa bahari wa Mida kuna mapango yanayoitwa ya Tewa, yenye samaki wakubwa aina ya tewa, ambao wengine tunawaita chewa. Kina si kirefu ila maji yanakimbia, unaingia na mwongozaji wakati maji yamesimama kati ya kujaa na kupwa.

Msimu: Oktoba mpaka Machi maji yanaonekana vizuri zaidi sehemu nyingi. Masika ya Machi mpaka Mei epuka. Kusi ya Juni mpaka Septemba inapiga upande wa mashariki, wenye vituo wanahamia upande uliojikinga.

Na matumbawe mkumbuke ni viumbe hai, si mawe. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi yalipauka na mengi yakafa, Mafia ikiwemo. Joto limerudi 2016 na 2024. Baruti za wavuvi nazo zimefanya yake. Usiguse, usikanyage, usichukue hata kipande. Mkono wako mmoja unaua kilichoota miaka mingi.

Mapango ya chini ya maji: hapa tusidanganyane

Najua ndiyo mnayoyataka. Kwanza yalitokeaje? Miamba mingi ya pwani yetu ni chokaa ya matumbawe ya kale. Miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini ya ilipo leo kwa kama mita 120, hivyo mvua ikaichimba miamba iliyokuwa nchi kavu. Bahari ilipopanda mashimo yakafunikwa.

Wenyewe wa mapango ya kina kirefu ni samaki kama silikanti, ambaye watu walidhani ametoweka na dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Sisi tunaye. Alinaswa pwani ya kusini mwaka 2003, wengine wakafuata Tanga, na mwaka 2009 ikaundwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mchana hujificha mapangoni, mara nyingi chini ya mita 100. Mwaka 2000 wapiga mbizi walimkuta Sodwana, Afrika Kusini, kwenye mita 104. Walikuwa mabingwa wenye vifaa maalumu, na bado waliporudi kumpiga picha mmoja wao alikufa. Kwa hiyo silikanti mtazame kwenye kompyuta.

Tofauti ya pango na bahari wazi ni moja tu: juu hakuna mlango. Baharini ukipata shida unapanda polepole unakutana na hewa. Pangoni ukipanda unagonga mwamba. Pezi moja likigusa tope taa haioni tena, na mlango ulioingilia hujui uko wapi. Wanaosomea mapango wana sheria zao: kamba isiyokatika kutoka nje mpaka ulipo, taa tatu kila mtu, na hewa unagawa mara tatu, theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, theluthi ya dharura. Na mafunzo yake yanakuja baada ya kozi kadhaa.

Mnakumbuka wale watoto 12 wa mpira na kocha wao, pango la Tham Luang kule Thailand, 2018? Wote walitoka hai. Lakini Saman Kunan, aliyekuwa askari wa majini, alikufa tarehe 6 Julai akitoka kupeleka mitungi. Alikuwa amefunzwa, ana nguvu, na aliishiwa hewa. Sasa wewe wa wiki moja!

Kanuni yangu kwa anayeanza: vijipango na matao ambayo unaona mwanga wa mlango muda wote na unaweza kugeuka, tazama ukiwa nje au pita na mwongozaji. Pale unapohitaji taa ili uone, hapo ndipo mwisho wa safari yako. Mwongozaji akikuambia "njoo tu, ni fupi", mwonyeshe kidole gumba juu. Majini ishara hiyo haimaanishi "safi", inamaanisha "tupande". Haki ya kuisimamisha mbizi ni ya kila mtu, na hupaswi kutoa sababu.

Maandalizi, hatua kwa hatua

1. Jua kuogelea. Kwenye kozi nyingi za mwanzo utatakiwa kuogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10.

2. Afya. Pumu, kifafa, moyo, matatizo ya masikio, sema ukweli kwenye fomu na muone daktari kwanza. Ukiwa na mafua usizamie, masikio hayatasawazika.

3. Kozi. Ni siku tatu au nne hivi, na cheti cha mwanzo kinakuruhusu mpaka mita 18. Cha juu yake mita 30. Mita 40 ni kikomo cha kujifurahisha. Kuna pia jaribio la siku moja na mwalimu, mwisho mita 12.

4. Bei. Kozi ni mamia ya dola, tusifichane. Uliza kwa maandishi: vifaa vimo? Boti imo? Cheti kimo? Kiingilio cha hifadhi kimo? Uliza kama raia wana bei yao. Rahisi sana nayo itilie shaka.

5. Kabla hujalipa uliza maswali matatu. Boti ina oksijeni? Mwalimu mmoja anachukua wanafunzi wangapi? Chemba ya kutibia ugonjwa wa mapovu iliyo karibu iko wapi, na sasa hivi inafanya kazi? Wakikasirika, hamia kwingine. Bima ya wapiga mbizi nayo ipo, kata.

6. Majini: usishike pumzi hata mara moja, kwa sababu hewa ya mapafuni inatanuka unapopanda. Sawazisha masikio mapema kwa kubana pua na kupuliza taratibu, kila mita moja au mbili. Panda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika. Simama mita 5 kwa dakika tatu. Usimwache mwenzako.

Ratiba ya mtu wa Tukuyu

Hii ndiyo ningeifuata kama ningeanza upya:

Siku ya 1: Tukuyu hadi Dar. Lala.
Siku ya 2: Boti asubuhi, fika kituoni, jaza fomu, lala mapema.
Siku ya 3 hadi 6: Kozi.
Siku ya 7: Mbizi mbili za matumbawe, ya kina kirefu iwe ya kwanza. Toka majini kabla ya adhuhuri.
Siku ya 8: HAKUNA KUZAMIA. Tembea Mji Mkongwe, kula urojo Forodhani, nunulia mama zawadi.
Siku ya 9: Boti ya asubuhi, halafu basi.

Watu wanaona siku ya 8 ni hela ya bure inayopotea. Mimi nilitaka kuiokoa hiyo siku moja, gharama ya chumba na chakula, nikailipa hospitali. Na kwenye fomu, wakikuuliza unapanda ndege lini, usiandike "sipandi" ukaishia hapo. Andika: "Naenda nyumbani milimani, mita 1,500, kwa basi, siku fulani saa fulani." Mwalimu mzuri ataelewa mara moja.

Na ikitokea umeshapanda, ukasikia kiungo kinauma bila sababu, ganzi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au miguu kuishiwa nguvu, usiseme ni baridi ya Mafinga. Shuka hospitali ya kwanza. Tamka wazi: "Nilipiga mbizi kwa mtungi, nilitoka majini saa fulani, nahitaji oksijeni." Mwombe daktari awasiliane na wataalamu wa chemba. Lala chali, kunywa maji, pombe acha. Usiendelee kupanda mlima, wala usirudi majini eti ukajitibu.

Bega langu zima sasa, nashukuru Mungu. Mwaka uliofuata nilirudi Mafia. Siku ya mwisho nilikaa gatini Kilindoni nikitafuna karanga, naangalia wenzangu wakibeba mitungi kwenda Kinasi. Roho iliuma, nisiseme uongo. Lakini safari hiyo nilipita Kitonga nimelala fofofo, na nilipoamka Uyole kilichokuwa kimevimba ni pakiti ya krispi peke yake.

Mwenye swali aulize hapo chini, nitajibu nikipita kafe. Na aliyewahi kuzamia Pemba atuongezee ya huko.